Medali tatu za mzee, moja haina utepe: naomba msaada wa kuzisoma

#1 BintiWaLanet

Wanajamvi, habari za jioni. Nina jambo limenikaa moyoni tangu tumzike baba mwezi wa tatu. Naomba mnivumilie, maana ni refu.

Baba alikuwa mwanajeshi miaka 24. Aliingia 1981, akapitia ukruta Lanet, akastaafu 2005 akiwa Sinia Sajini. Sisi watoto tumekulia hapa Nakuru, kwanza Free Area halafu Pipeline, lakini nyumbani ni Vihiga na huko ndiko tulikompeleka. Siku ya mazishi mama alitoa mkebe wa Kimbo, ule wa bati wa zamani, akamkabidhi mchungaji. Ndani kulikuwa na medali tatu. Mchungaji akaziinua watu wazione, akauliza kwa nia njema kabisa: "Watoto wa marehemu, hizi baba yenu alizipata wapi?"

Tuko watano. Mimi ni mwalimu, kaka yangu mkubwa ana digrii mbili. Hakuna aliyefungua mdomo. Mzee mmoja aliyekuja na fimbo, sijui hata nani alimpa habari ya msiba, akasimama pale nyuma akasema, "Hiyo ya rangi ya mchanga ni ya Namibia. Tulikuwa wote." Akaketi. Nilipomtafuta baada ya chakula alikuwa amekwisha kuondoka.

Nimezichukua nikaja nazo Nakuru. Zote ni duara la shaba iliyofifia. Upande wa mbele kuna ramani ya dunia iliyozungukwa na matawi ya mzeituni na herufi UN. Upande wa nyuma kuna maneno ya Kiingereza yenye maana ya "Katika huduma ya amani". Ukizilaza kifudifudi huwezi kujua ipi ni ipi. Moja ina utepe wa rangi ya mchanga wenye buluu pembeni na mistari mitano myembamba katikati. Ya pili utepe wake una nyekundu katikati, buluu, halafu ukingo mmoja kijani na mwingine kahawia. Ya tatu haina utepe kabisa, kimebaki kile kipete cha juu peke yake.

Nimezungusha ukingo wa kila moja chini ya taa nikitumia lenzi ya mama ya kusomea Biblia. Hakuna jina. Hakuna nambari ya huduma. Mtu angeziokota barabarani asingejua ni za nani. Hilo ndilo limeniumiza kuliko yote.

Kuna mtu hapa anayeweza kunisomea?

#2 Sajini_Mstaafu

Pole sana binti yangu. Mungu ampumzishe mwenzetu.

Usijilaumu kwa kukosa kuzitofautisha. Umoja wa Mataifa hutumia medali ileile karibu kwa kila operesheni, kinachobadilika ni utepe. Utepe ndio unaosema askari alikuwa wapi. Kwa hiyo chunga hizo nguo mbili zilizobaki kuliko hata shaba yenyewe.

Yule mzee wa fimbo alisema kweli. Rangi ya mchanga ni jangwa la Namibia, na ile mistari mitano ni mabara matano. Operesheni iliitwa UNTAG, ilianza tarehe 1 Aprili 1989. Batalioni za kwanza za miguu zilitoka nchi tatu: Kenya, Finland na Malaysia. Naibu kamanda wa kikosi chote alikuwa Mkenya, Daniel Opande, ambaye baadaye alifika cheo cha Luteni Jenerali. Kazi ilikuwa kusimamia Afrika Kusini ikiondoka na wananchi wakipiga kura. Kura zilipigwa Novemba 1989, na tarehe 21 Machi 1990 Namibia ikawa huru. Baba yako alikuwa mmoja wa watu waliosimama katikati ili jambo hilo litendeke. Waambie wajukuu wake hivyo hivyo.

Ya pili ni Yugoslavia, operesheni ya Umoja wa Mataifa iliyoitwa UNPROFOR. Kijani ni misitu, kahawia ni milima, na ule mstari mwekundu ni maeneo yaliyowekwa chini ya ulinzi wa Umoja wa Mataifa. Batalioni yetu ilikuwa Kroatia, sekta ya kusini, upande wa Knin. Ile haikutolewa kwa siku 90 kama Namibia, ilikuwa siku 180. Ukiona mtu anayo, ujue alikaa.

Ya tatu, niambie kwanza: kati ya 1994 na 2005 aliwahi kwenda nje tena?

Na tafadhali, usizipake Brasso. Najua askari tumezoea kung'arisha kila kitu, lakini medali ukiisugua kila mwaka zile herufi zinalika. Pangusa kwa kitambaa kikavu, funga kwa karatasi nyeupe, weka mahali pasipo na jua wala unyevu. Mkebe wa Kimbo ulifanya kazi nzuri kuliko kabati la vioo.

#3 Mwananjoro

Pole dada. Nafuatilia.

#4 BintiWaLanet

Afande, asante. Nimesoma jibu lako mara tatu, halafu nikampigia mama simu nikamsomea.

Sasa nimeelewa picha moja iliyokuwa ukutani kwetu tangu nikiwa mdogo. Baba amesimama mbele ya gari jeupe lenye herufi UN, amevaa koti zito na bereti ya buluu, theluji imefika juu ya viatu. Nyuma ya picha ameandika kwa kalamu ya wino: Knin, Februari 1993. Sisi tulidhani ni Mlima Kenya, na hakuna aliyewahi kuigeuza.

Nakumbuka pia neno alilokuwa akilitamka asubuhi za Julai, ule ubaridi wa Nakuru unaoshuka kutoka Menengai. Alikuwa akifungua mlango anasema, "Leo ni bura." Tulidhani ni Kimaragoli cha wazee. Nimeuliza mama, naye hajui. Jana usiku nimetafuta nikapata kwamba bura ni upepo mkali wa baridi unaoshuka kutoka milimani kuelekea pwani ya Kroatia. Miaka yote hiyo alikuwa akituambia alikokuwa, sisi hatukuwa na sikio la kumsikia.

Kuhusu swali lako: ndiyo, aliondoka tena. Nilikuwa darasa la sita. Alirudi amekonda, hakutaka redio iwashwe ndani ya nyumba. Mama anasema ilikuwa Sierra Leone.

#5 NyakwarKeya

Mimi niko Kisumu, Kondele. Uzi huu umenifanya niende kwa nyanya yangu Jumamosi hii badala ya kungoja Krismasi.

Babu yangu alikuwa Keya. Vijana wa sasa hawalijui neno hilo. KAR, King's African Rifles, jeshi la Waingereza la askari wa Afrika Mashariki, wazee wetu waliitamka Keya ikawa jina. Alikwenda Burma, Vita vya Pili vya Dunia. Nyanya anayo nyota moja ya shaba yenye ncha sita, taji katikati, imefungwa kwenye leso pamoja na kipande chake, kile kitambulisho cha enzi za mkoloni. Utepe wake ni buluu iliyokolea, nyekundu katikati, na mstari wa rangi ya chungwa kila upande. Nami nimeikagua kama wewe: haina jina popote.

Nyanya alinisimulia hivi. Walipanda meli Kilindini mwaka 1944. Zilikuwa meli kadhaa pamoja zikienda Ceylon, ambayo sasa ni Sri Lanka. Siku moja mchana meli mojawapo ikapigwa na ikazama mbele ya macho yao. Babu alikuwa akisema, "Ningali nimeshika kikombe cha chai, na kabla sijakiweka chini meli haikuwepo tena." Nilipokuwa mdogo nilidhani anaongeza chumvi.

Afande, hii meli ilikuwepo kweli?

#6 Sajini_Mstaafu

Ilikuwepo, na babu yako hakuongeza chumvi hata chembe.

Iliitwa Khedive Ismail. Ilipigwa na nyambizi ya Wajapani tarehe 12 Februari 1944, karibu na visiwa vya Maldives, ikazama kwa muda usiofika dakika mbili. Walikufa watu 1,297. Wengi wao walikuwa askari wa mizinga wa Afrika Mashariki, rejimenti ya 301, pamoja na wauguzi wa kike waliokuwa wakisafiri nao. Manowari za msafara ziliiwinda nyambizi ile zikaizamisha siku hiyohiyo. Meli nyingine ziliendelea na safari hadi Colombo. Kikombe cha chai ni kipimo sahihi kabisa cha muda ule.

Hiyo nyota ni Burma Star. Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, waliovaa nembo ya kichwa cha kifaru, iliteremka Bonde la Kabaw wakati wa mvua za masika ya Asia, kuanzia Agosti 1944. Malaria, matope, homa ya utitiri na Mjapani aliyejichimbia. Desemba wakafika Kalewa, kwenye mto Chindwin, na hapo pakajengwa daraja la vyuma la mita 350 hivi, refu kuliko madaraja yote ya aina hiyo wakati ule. Vikosi vingi vikapita juu yake kuingia Burma ya kati. Vijana wa Nyanza walikuwa wengi humo: madereva, watu wa redio, wahandisi, askari wa miguu.

Kuhusu jina: Waingereza hawakuandika majina kwenye nyota za Vita vya Pili walizowapa askari wa Keya, na hata askari wao wenyewe hawakuandikiwa. Hilo halikuwa ubaguzi. Ubaguzi ulikuwa kwenye malipo. Kiinua mgongo cha vita kilipangwa kwa rangi ya ngozi, Mwafrika akawa wa mwisho.

Ila kuna jambo moja nataka uliangalie. Nairobi, Ngong Road, kwenye makaburi ya vita, kuna ukuta wa kumbukumbu wa Afrika Mashariki. Wale wa rejimenti ya 301 waliozama wameandikwa hapo. Siku ukienda Nairobi mpeleke nyanya.

#7 NyakwarKeya

Yaani waliokufa majini wana majina ukutani, na babu aliyefika na kurudi nyota yake haina jina. Nimekaa na wazo hilo siku nzima kazini.

Nitampeleka.

#8 MtuWaMalava

Naomba nami niulize, japo si jambo la kujivunia sana kwetu.

Kuna medali ya babu, upande wa mama. Hii ina jina lake, limechongwa ukingoni pamoja na nambari na cheo. Utepe wake ni manjano na nyeusi, na mistari miwili ya kijani. Juu kuna kibao kidogo kimeandikwa KENYA. Mjomba wangu alitaka kuitupa chooni. Alisema ni medali ya aibu. Mama akaificha kwenye gunia la mahindi, na mpaka leo haijatajwa mezani.

#9 Sajini_Mstaafu

Hiyo ni Africa General Service Medal. Kile kibao chenye neno KENYA kilitolewa kwa waliotumika katika Hali ya Hatari, kati ya Oktoba 1952 na Novemba 1956. Ndiyo, ni vita dhidi ya Mau Mau.

Nitakwambia ninavyoona mimi, na mwenye maoni mengine aseme. Usiitupe. Waruhiu Itote, yule Jenerali China, alipigana Burma ndani ya Keya kama babu wa huyu ndugu wa Kisumu, akarudi, akaingia msituni Mlima Kenya. Huenda mwenzake waliyekula naye sahani moja kule Burma akabaki kikosini, akatumwa kwenda kumsaka. Vijana wa magharibi wengi walikuwa kikosini tayari kwa sababu ya mshahara na karo za wadogo zao. Hakuna aliyewauliza wanataka kupelekwa wapi.

Mwaka 2013 serikali ya Uingereza ilikiri bungeni kwamba Wakenya waliteswa kambini, ikakubali kulipa waathiriwa zaidi ya 5,000. Kama wao waliofanya wamelitamka, sisi tusiogope kipande cha chuma ndani ya gunia. Keti na mama yako, umuulize babu alikuwa wapi miaka ile, alifanya nini, alirudi akiwa mtu wa namna gani. Andika yote, hata yanayouma.

#10 MtuWaMalava

Mama amekubali kuzungumza. Alianza na sentensi moja: "Baba alikuwa akiamka usiku anazunguka boma mpaka kuche." Nimeandika hiyo kwanza. Tutaendelea.

#11 Mkusanyaji254

Kwa wote hapo juu: mimi hununua medali za zamani, pesa taslimu, naweza kufika Nakuru, Kisumu, Kakamega. Hizi za UN hazina bei sana kwa sababu hazina jina na zilitengenezwa maelfu, lakini ile ya Malava yenye jina ina wateja. Pia Burma Star ikiwa na karatasi zake.

#12 BintiWaLanet

Ndugu, sina ugomvi nawe, ni kazi yako na umeongea kwa uwazi. Mimi siuzi.

Tena umenisaidia bila kujua. Umesema hazina bei kwa sababu hazina jina. Jana nimekata vipande vya kadi nyeupe, nimeandika kwa penseli, maana wino unaweza kuvuja: jina la baba, nambari yake ya huduma niliyoitoa kwenye kitabu chake cha kustaafu, Namibia 1989, na chini yake maneno ya yule mzee wa fimbo. Kadi ya pili: Knin, Februari 1993, na neno bura na maana yake. Kila medali imelala juu ya kadi yake.

Kadi ya tatu nimeandika jina tu. Afande, uliniuliza, nikakujibu, ukanyamaza.

#13 Sajini_Mstaafu

Nilinyamaza kwa sababu hiyo si hadithi ya kuandika haraka.

Sierra Leone, operesheni ya Umoja wa Mataifa iliyoitwa UNAMSIL. Mimi sikuwa na zamu ya baba yako, nilikwenda na waliofuata, kwa hiyo nakupa ninayoyajua. Mwanzoni mwa Mei 2000 batalioni yetu ilikuwa Makeni na Magburaka, katikati ya nchi. Kazi ilikuwa kusimamia kambi za kupokea silaha, waasi wa RUF waje, waache bunduki, waandikishwe, warudi uraiani. RUF hawakutaka kambi zile. Wakazivamia. Wakazingira Wakenya sehemu zote mbili, wakateka walinda amani mamia kutoka nchi mbalimbali, wengi wakiwa Wazambia. Wenzetu walipigana kujinasua, na wengine hawakurudi nyumbani.

Binti, kwa kawaida mlinda amani hapewi silaha za kwenda vitani. Anapewa za kujikinga, na amri ya kutotangulia kufyatua. Ukizingirwa katika hali hiyo, usiku unakuwa mrefu sana. Baba yako kukataa redio ndani ya nyumba mimi naelewa bila kuelezwa. Katika redio ya kikosi ndimo mlimokuwa mnasikika sauti za wenzako wakiomba msaada.

Novemba ya mwaka ule Opande, yuleyule wa Namibia, akakabidhiwa ukamanda wa kikosi chote. Kikaongezwa nguvu hadi askari 17,500. Pole pole nchi ikatulia. Wapiganaji zaidi ya 75,000 waliweka silaha chini kabla operesheni haijafungwa mwishoni mwa 2005. Nilishuhudia vijana wadogo kuliko mwanangu wakiweka bunduki mezani, wakiandikishwa majina. Kambi zile ambazo kina baba yako walizilinda Makeni zilikuwa sehemu ya mwanzo wa jambo hilo.

Muulize mama yako kuhusu utepe. Askari hapotezi utepe na kubaki na medali. Mtu akifungua utepe, ameufungua kwa mkono wake.

#14 BintiWaLanet

Ni saa nne usiku, nimerudi sasa hivi kutoka kwa mama. Nilitoka stendi ya Nakuru alfajiri nikafika Vihiga saa saba, tukala, nikasubiri watoto watoke nje.

Sikumuuliza moja kwa moja. Nilimsomea maneno ya Afande, yote, polepole. Nilipofika mahali pa redio mama akanyanyua mkono nisimame kidogo. Akasema Mei ile alikuwa hapa Free Area na sisi watano. Kila jioni alipomaliza kutulaza alikuwa akienda kwa jirani kusikiliza BBC idhaa ya Kiswahili, sauti ikiwa chini, sikio limegusa spika, ili sisi tusisikie neno Makeni. Siku kumi na moja hakujua kama ana mume. Aliendelea kutufulia sare na kututuma shule. Mimi niliyekuwa darasa la sita sikujua chochote, nakumbuka tu kwamba siku hizo tulikula uji jioni mara nyingi.

Halafu akaingia chumbani akatoka na Biblia yake, ile ya Kiluhya yenye jalada jeusi lililoshonwa upya. Akaifungua Zaburi ya 121. Ndani kulikuwa na utepe, mfupi kama kidole changu, umepauka upande mmoja uliokuwa ukitazama nje, upande wa ndani rangi bado mbichi. Nimeuona utepe huo maisha yangu yote ukining'inia kwenye Biblia ya mama kanisani. Nilidhani ni alama ya kurasa iliyokuja na kitabu.

Baba aliporudi na medali ile, mama anasema, aliketi nayo kitandani, akachukua kisu kidogo cha kukatia kucha, akautoa utepe akampa. Akamwambia, "Mimi nilikuwa na bunduki. Wewe ulikuwa na nini?"

Nilimuuliza mama kama tuurudishe mahali pake ili medali ikamilike. Akatikisa kichwa. Akaniomba ile kadi ya tatu na penseli. Chini ya jina la baba akaandika Makeni, 2000. Chini yake, kwa mwandiko wake wa darasa la nne, akaandika jina lake mwenyewe.